Gari Linalolia kwa Mbele: Chunguza Kabla ya Kufungua Difu

Leo tunaweka kando habari za mbegu na mbolea, tunaingia chini ya gari. Wapo watakaouliza: gari na kilimo, wapi na wapi? Lakini ninyi wa Ifakara, Lupiro, Malinyi, Mngeta na Mlimba mnalijua jibu. Mpunga haujawa fedha mpaka utoke shambani, na udongo mweusi wa bonde la Kilombero ukishalowa, kinachoutoa ni trekta au gari la kuvuta kwa magurudumu manne. Mengi ya magari hayo ni ya zamani, Land Rover na Land Cruiser zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Yakifika umri huo, huanza kulia kwa mbele.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Dereva anasema, "Difu imekufa." Fundi naye anakubali kabla hata hajalala chini ya gari. Magunia yanauzwa haraka haraka wakati bei iko chini, difu ya mtumba inanunuliwa na kufungwa, na gari linatoka gereji likilia vile vile. Kilichokuwa kinalia hakikuwa difu.

Difu, ndugu mkulima, ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ndani yake pinioni, yaani gia ndogo, inazungusha gia kubwa, na gia kubwa inagawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto. Shida ni kwamba ekseli yote ni chuma kimoja kirefu. Beringi ya gurudumu ikiharibika, au krosi ya propela ikilegea, sauti inasafiri ndani ya chuma hicho, na wewe uliyekaa kwenye usukani unaisikia kama inatoka katikati. Sikio la dereva peke yake halitoshi.

Anza na jambo rahisi lisilotaka hata spana moja. Magari mengi ya zamani yana loki kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, zile unazozungusha kwa mkono. Zifungue, toa gia ya mbele, kisha endesha. Sasa difu ya mbele na propela yake vimelala, havizunguki. Kama sauti bado ipo, muache difu ya mbele kwa amani. Tafuta kwenye beringi za magurudumu, kwenye tairi, au nyuma. Kama sauti imekwisha, funga loki bila kuingiza gia ya mbele, endesha tena. Sasa difu inazunguka lakini haivuti mzigo. Mwisho ingiza gia ya mbele, lakini iwe kwenye barabara ya udongo, si lami. Kwa safari hizo tatu fupi utakuwa umejua zaidi ya yule anayekisia.

Gari lako likiwa halina loki hizo, maana wengi wamezing'oa, difu ya mbele inazunguka wakati wote. Basi mwambie fundi afungue propela ya mbele, uendeshe bila hiyo. Mtetemo ukiisha, shaka yako ielekee kwenye propela na krosi zake. Lakini kwanza uliza kama gari lako ni la namna ile inayovuta mbele na nyuma muda wote, kama Land Rover 110 nyingi zilizoanza kutengenezwa mwaka 1983. Hizo zina difu ya tatu katikati, na bila propela ya mbele hazisogei mpaka hiyo ya katikati ifungwe.

Halafu sikiliza sauti yenyewe inabadilika lini. Sauti ya kuvuma kama nyuki, inayokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, au inayokuja pale unapoachia, hiyo ni ya gia mbili kusagana vibaya au beringi ya pinioni kulegea. Ngurumo isiyojali unakanyaga au unaachia ni ya beringi. Ikiongezeka unapopinda usukani kidogo upande mmoja na kupungua upande mwingine, tazama beringi ya gurudumu. Ko-ko-ko unapokata kona kali ni kiungo cha shafti karibu na gurudumu. Mgongo mmoja, "ko!", unapoondoka au kubadili gia, mara nyingi ni krosi, nayo bei yake si ya kuuzia mpunga. Tairi za matope pia huvuma, lakini sauti yake hubadilika ukitoka kwenye changarawe kuingia lami. Difu haijui unapita juu ya nini.

Baada ya hapo, tazama oili. Fungua kwanza nati ya juu, ile ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Wapo waliomwaga oili yote kisha wakakuta nati ya kujazia imeganda kwa kutu, gari likalala hapo hapo. Kinga oili kwenye beseni safi. Ikiwa nyeusi tu, badilisha uendelee na kazi. Vumbi laini la chuma si ajabu kwa gari la zamani. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni habari nyingine: usiendeshe tena mpaka difu ifunguliwe. Na oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Hili la maji ndilo ugonjwa mkubwa wa bonde letu. Gari limetoka mbali, difu imepata moto, unaliingiza kwenye kijito. Chuma kinapoa ghafla, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, difu itavuta maji kupitia oili sili. Kiangazi kinafika, gia ya mbele haiguswi kwa miezi, na maji yanakaa mle yakila beringi kwa kutu. Masika yakirudi unaingiza gia ya mbele, unasikia ngurumo, unadhani imeanza leo. Kwa hiyo safisha kitundu hicho, na ukiweza, kifungie mpira mrefu unaopanda mpaka karibu na injini. Ukivuka maji mengi, liache gari lilale. Asubuhi legeza nati ya chini kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Rudishia oili ya difu, 80W-90 yenye alama ya GL-5, mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia.

Fundi akitaka kupima kwa mkono, gari liinuliwe mbele, likae juu ya magogo imara, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ashike propela pale inapoingia kwenye difu. Ikizunguka kidogo kwenda na kurudi ni kawaida. Ikicheza juu na chini, au ikiingia na kutoka, beringi ya pinioni imekwisha.

Neno kwa wanaotoka Malinyi na Mahenge kuja Ifakara. Kivuko kimebaki historia. Tangu mwaka 2018 tunapita Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya mto Kilombero. Ni faraja, ila wengine wanatoka kwenye tope na kuingia lami huku gia ya mbele bado imo. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Tope huyaruhusu kuteleza, lami hairuhusu, na nguvu yote inajikunja ndani ya gia na krosi. Gari linaguna, gia inagoma kutoka. Ikigoma, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.

Na ikithibitika kwamba difu kweli imekwisha? Basi usinunue ya mtumba kwa kutazama umbo. Land Rover za zamani zenye springi bapa nyingi zina uwiano wa 4.7, yaani propela inazunguka karibu mara tano kasoro robo gurudumu linapozunguka mara moja. Nyingi zilizofuata zina 3.54. Kwa nje zinafanana. Ukifunga ya mbele isiyolingana na ya nyuma, utaivunja siku ya kwanza utakapoingiza gia ya mbele. Mwambie muuzaji aifungue, hesabu meno ya gia kubwa, gawanya kwa meno ya pinioni, kisha linganisha na difu yako ya nyuma kabla hujatoa fedha mfukoni.