Boti Yetu Isije Wiki ya Idi

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, Paje. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika.)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya safari ya boti yetu kutoka Dar es Salaam. Sitasema mengi, lakini nitakayosema yanahusu fedha zenu. Naomba tusikilizane.

Kwa nini tunanunua boti, kila mtu anajua. Mwani wa biashara ulianza kulimwa hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na mama zetu wameulima kwa miguu, maji kidogo yakitoka. Sasa maji ya pwani yamekuwa ya moto. Kotoni, ambayo ndiyo yenye bei, inakufa. Inataka kupelekwa kwenye maji ya kina, na huko hakwendeki kwa miguu. Kwa hiyo boti hii si anasa.

Muuzaji ametuambia boti itakuwa tayari mwisho wa Ramadhani. Vijana wamefurahi, wanasema ishushwe majini siku ya Idi, watu wote wakiwapo. Tena wamenipa hoja: Idi ni mwezi mosi, mwezi mosi ni bamvu, maji yanajaa mpaka juu, boti itaelea yenyewe. Hoja ya maji ni ya kweli, siikatai. Lakini mie nasema boti isije wiki hiyo.

Mnalikumbuka tangi. Mwaka ule tulioleta tangi kubwa la maji, aliyeandika tarehe ya kulipokea ni mimi. Niliangalia siku ya meli kufika tu, sikuangalia kalenda ya sikukuu. Tangi likashuka gatini Alkhamisi mchana. Ijumaa wakala akaenda na karatasi, ikakosekana sahihi moja, mara wakati wa sala umefika. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa. Jumatatu sikukuu. Jumanne karatasi zikatoka, lakini lori la tela refu tulilolilipia arbuni lilikuwa limeshakwenda kazi nyingine, likapatikana Alkhamisi ya pili. Siku 7 tangi limekaa, na kila siku mzigo unapolala unalipiwa. Fedha ile ilitoka kwenye mfuko wa mwani. Kosa lilikuwa langu, si la sikukuu.

Sasa msije mkasema Katibu anazichukia sikukuu. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi yetu ya 1964. Tarehe 7 Aprili ni siku aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972. Tarehe 26 Aprili ni Muungano. Hizi ni siku zetu, lazima tuziheshimu. Ninalosema ni kwamba zimeandikwa kwenye kalenda, na mwenye mzigo mkubwa ndiye anayepaswa kuisoma kabla ya wengine.

Kwa nini mzigo mkubwa? Gunia la mchele likifika siku ya sikukuu, utampata hamali wa kulibeba, na jioni liko Paje juu ya gari ya abiria. Boti hii ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 3. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.44 tu. Boti haikatwi vipande. Inataka winchi ya kuinulia, tela refu, kibali cha barabarani, askari wa kutangulia mbele, na fundi wa umeme kama waya ziko chini. Hao ni watu wa ofisi mbali mbali, na wote wanatakiwa siku moja. Akikosekana mmoja, wengine wanakaa bure na bado watataka malipo yao. Na huko Bara, mzigo uliopita vipimo vya kawaida unataka kibali cha TANROADS kabla haujaingia barabara kuu. Sikukuu ya Bara nayo inatuhusu, maana karatasi zinaanzia kule.

Hebu tuhesabu pamoja mfano mmoja. Mwaka 2025 Idi-el-Fitri ilikuwa Jumatatu 31 Machi, na Idi pili 1 Aprili. Tarehe 7 Aprili, Siku ya Karume. Tarehe 18, Ijumaa Kuu. Tarehe 21, Jumatatu ya Pasaka. Tarehe 26, Muungano. Tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi. Siku 32, sikukuu 7. Ukitoa na Jumamosi na Jumapili, siku za kazi zilizobaki ni 18. Na hiyo Aprili ndiyo masika yenyewe, siku nyingine mvua inazuia kila kitu. Mtu aliyejipangia mwezi mzima wa kazi, alikuwa na nusu tu, na kidogo juu yake.

Tena sikukuu haziko za namna moja. Ziko za jua, kama 12 Januari, hazihami. Ziko za mwezi: Idi mbili na Maulidi. Hizi kila mwaka zinarudi nyuma siku 11 hivi, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haifai kupangia mwaka huu. Na Idi inategemea kuandama kwa mwezi, hujui mpaka usiku wenyewe. Basi siku mbili zaidi ziachwe. Ziko na zile zisizoandikwa popote. Mwezi wa Machi 2021, alipofariki Rais Magufuli, tarehe 22 na 25 zilitangazwa kuwa mapumziko. Hakuna aliyezijua mwanzo wa mwezi. Ndiyo maana mpango usiokuwa na nafasi ndani yake si mpango.

Wako watakaosema: boti si gari, kwa nini isije yenyewe kwa bahari mpaka hapa? Jibu ni kwamba mashine yake bado haijafungwa, na kuikokota kupitia Kizimkazi na Makunduchi wakati kusi linavuma ni kuitafutia hasara. Itapita nchi kavu: Malindi, Tunguu, Jozani, Kitogani, mpaka Paje. Tela litembee mchana, taratibu. Pale Jozani pana matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na tela refu la chini linaweza kukwama juu yake. Watu wetu wanne watangulie kuyapima.

Basi tufanye vipi? Ndugu zangu, bamvu si moja. Liko la mwezi mosi, na liko la mwezi mpevu. Tukilikosa la Idi, wiki mbili baadaye linakuja jengine, na wakati huo ofisi ziko wazi na watu wamesharudi kazini. Napendekeza tuhesabu kwa kurudi nyuma, tuanzie mchangani petu:

1. Mwezi 16 Mfunguo Mosi, alasiri kama saa kumi, maji yakijaa, boti iingie baharini. Asubuhi yake maji yametoka, mama zetu wako mwanini, kwa hiyo watu watakuwapo pwani.

2. Mwezi 13 au 14, itembee barabarani.

3. Kuanzia mwezi 8 mpaka 12, itolewe bandarini Malindi. Siku moja ya kazi, nyingine ni za akiba.

4. Mwezi 6 au 7, ipakiwe Dar es Salaam. Kabla ya hapo ikae kwa muuzaji, na hilo liandikwe kwenye mkataba, kwamba hatulipi kitu kwa kukaa kwake.

5. Maombi ya vibali yote yapelekwe kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani.

Siku yoyote kati ya hizi ikiangukia Jumapili au sikukuu nyingine, mpango wote usogee mpaka bamvu la mwezi mosi wa Mfunguo Pili. Tusijaribu kuchomeka. Kalenda haitusogelei sisi.

Vijana, najua mtasononeka. Mlitaka boti siku ya Idi. Lakini fikirini: Idi hiyo watoto wako Mnazi Mmoja na nguo mpya, na boti iko gatini imefungwa kamba, sisi tunailipia kulala. Hiyo si sherehe. Wazee walisema kawia ufike.

Naomba mkutano uamue leo, kwa kunyoosha mikono, ili barua iende kwa muuzaji kesho. Na safari hii tarehe isiandikwe na mtu mmoja. Iandikwe na kamati, isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, halafu ibandikwe hapa hapa ukutani. Tumekwenda kisomo cha watu wazima tupate kusoma mambo kama haya.

Mapinduzi Daima!

Katibu wa Tawi, Paje

(Mkutano umekubali. Waliopinga walikuwa wanne, nao wamechaguliwa kwenda kupima matuta ya Jozani.)