Hotuba Juu ya Maumivu ya Mguu Yatokayo Mgongoni

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Karatu)



Tumeombwa tunene leo juu ya jambo ambalo wengi wetu twalificha. Si jambo la mshahara wala la cheo. Ni jambo la mwili. Walakini mshahara na cheo vyote viwili hulitegemea, kwa kuwa karani asiyeweza kukaa kitini saa moja hawezi kuandika barua, wala kufunga hesabu, wala kusafiri kwenda kukagua.

Sisi wenyewe tulipatwa. Asubuhi moja ya masika tuliinama kuinua sanduku la majalada kutoka sakafuni, kitu kikashtuka kiunoni. Siku ile hatukujali. Hata siku ya tatu maumivu yalitoka kiunoni, yakaingia tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja na shavu la mguu mpaka kidole gumba. Tulipokohoa au kupiga chafya yalizidi kama moto, na ubavu wa mguu ukawa na ganzi. Jirani mmoja alisema ni baridi ya Ngorongoro. Mwingine alisema ni mshipa. Wa tatu alinong'ona kwamba tumerogwa. Ofisini walisema twaukimbia mwezi wa hesabu. Neno hilo lilituuma kuliko mguu.

Basi ni ugonjwa gani huu? Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo: nje ni ngumu, ndani ni laini kama ute. Diski ikichakaa au ikilemewa, hutuna, na pengine ile sehemu laini hupenya nje na kuugusa mzizi wa neva itokayo hapo. Mara nyingi huwa ni diski mbili za chini kabisa. Mizizi ya neva za hapo huungana kuwa neva kubwa iitwayo siatika, ishukayo mguuni. Ndiyo sababu shida iko kiunoni, lakini kilio kiko mguuni. Kuusugua mguu kwa dawa ni kama kupaka rangi ukuta unaolowa huku paa lavuja.

Ugonjwa huu si mpya. Tabibu Domenico Cotugno wa Italia aliandika kitabu juu yake 1764, akionyesha kwamba maumivu haya ni ya neva. Hata hivyo ilikuwa 1934 ndipo Mixter na Barr, matabibu wa Boston huko Marekani, walipoeleza wazi kwamba diski iliyopenya ndiyo huibana neva. Tabibu akikulaza chali na kuuinua mguu wako ukiwa umenyooka, usidhani anacheza: maumivu yakishuka chini ya goti, ni dalili kwamba neva imebanwa.

Sasa twaja kwenye kosa letu. Tulilala kitandani majuma matatu, tukidhani kwamba kitu kinachouma hakifai kutikiswa. Tulipoamka tulikuwa dhaifu zaidi, na maumivu yalikuwa palepale. Laiti tungalijua mambo yaliyokwisha kupimwa! Katika 1995 yaliandikwa matokeo ya majaribio ya watumishi 186 wa mji wa Helsinki, makarani na wafanyakazi kama sisi, walioumwa kiuno. Baadhi waliambiwa walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, wengine waendelee na shughuli zao kadiri wawezavyo. Wale walioendelea na shughuli ndio waliopona upesi kuliko wote. Katika 1999 madaktari wa Uholanzi waliwapima watu 183 wenye maumivu haya haya ya mguu: kulala majuma mawili hakukuwafaa kitu kuliko kutolala. Na baada ya majuma 12, watu 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu, katika makundi yote mawili.

Hili ndilo neno la faraja, wenzetu. Wengi hupona bila kisu, kwa kuwa mwili wenyewe huinyausha ile sehemu ya diski iliyopenya. Yapasa kutembea kidogo kidogo kila siku, kubadili mkao, kulala kwa ubavu na mto kati ya magoti, na kumeza dawa ya maumivu kwa kipimo cha tabibu. Dawa hizo zikimezwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na huharibu figo. Tena msikubali kuchomwa sindano ya tako na mtu asiyestahili, maana sindano ikipotea njia yaweza kuijeruhi neva ile ile mnayotaka kuiponya.

Na kisu je? Kina mahali pake. Katika 2007 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za wagonjwa 283 ambao maumivu yao makali yalikuwa yamedumu majuma 6 hata 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, wao na wale walioambiwa wangoje kwanza walikuwa sawa. Basi asiyevumilia tena aweza kuzungumza na daktari juu ya kupasuliwa, wala asione aibu. Naye awezaye kungoja asiogope kungoja.

Lakini kuna ishara zisizongojewa hata siku moja. Mkojo ukizuia au ukitoka wenyewe; choo kikitoka bila kujua; ganzi ikishika sehemu za siri na sehemu ikaliayo tandiko; miguu yote miwili ikilegea; mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Na kama unyayo waburura chini, au huwezi kusimama kwa visigino wala kwa ncha za vidole, usikawie kumwona daktari. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria 1996, hupasua migongo. Walakini Dar es Salaam ni mbali na Endulen, na neva iliyobanwa sana haingoji basi la kesho.

Tena, si kila maumivu ya kiuno ni diski. Katika nchi yetu ya ng'ombe na mbuzi, mtu mwenye homa zijazo na kuondoka, jasho na maumivu ya nyonga na kiuno, apimwe homa ya brusela, ambayo hupatikana kwa maziwa mabichi. Na mwenye kukonda, kutoka jasho usiku na kuumwa mgongo bila kupumzika, apimwe kifua kikuu, maana nacho huingia katika pingili.

Je, twajilindaje? Kazi zetu ni mbili: kukaa sana na kutikiswa sana. Dereva na karani wanaopita lango la Lodoare, wakapanda ukingo wa Kreta ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kisha wakateremka chini kama mita 600 kwa barabara ya mawe, migongo yao hupigwa siku nzima. Nao waliobaki ofisini hukaa tangu asubuhi hata jioni, kisha Jumamosi huinua magunia ya vitunguu ya Mang'ola kana kwamba ni vijana wa sokoni. Yafaa kusimama kila nusu saa, kushuka garini na kunyoosha miguu, na kuinua mzigo kwa kukunja magoti, mzigo ukiwa karibu na kifua, bila kupinda kiuno.

Mwisho, twaomba Chama hiki mambo matatu. Kwanza, kiombe majalada mazito yawekwe rafu za katikati, na viti vilivyovunjika vitengenezwe, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 humtaka mwajiri alinde afya ya mtumishi. Pili, kiombe kwamba mtumishi anayerudi kutoka ugonjwa huu apewe kazi nyepesi kwa muda, wala asilazimishwe kuchagua kati ya kulala kabisa na kubeba masanduku. Tatu, sisi kwa sisi, tuache kumwita mwenzetu mvivu kabla hatujajua anachougua. Maumivu haya hayaonekani kwa macho. Hayana bandeji wala kovu.

Sisi tumerudi kazini. Mguu bado hutukumbusha siku za baridi, lakini twatembea kwenda ofisini kila asubuhi, nao waongozana nasi. Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Sasa twawaomba nyote msimame kidogo kabla ya maswali, maana mmekaa vya kutosha.