Ugomvi wa Viwanja na Njia ya Mapatano



Katika Jubilei hii twamshukuru Mungu kwa makanisa na shule. Lakini liko neno moja latuuma, nalo ni viwanja. Toka Mbagala hata Tegeta, palipokuwa minazi na mikorosho pamejaa nyumba, ukuta kwa ukuta. Zamani mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, na wazee waliujua. Leo wazee wamelala kaburini, minyaa imeng'olewa, na kila mtu ana karatasi yake.

Twawajua ndugu wawili wa tumbo moja walioachiwa na baba yao nyumba upande wa Temeke. Walishitakiana miaka sita. Hukumu ilipotoka, nyumba iliuzwa kulipa gharama za daawa. Aliyeshinda akapanga chumba, na aliyeshindwa akapanga chumba. Mama yao alipokufa walisimama pande mbili za kaburi. Bwana wetu mwenyewe, alipoombwa na mtu amgawie urithi na nduguye, alikataa kuwa kadhi wao. Na Ibrahimu, aliye mkubwa, alimwachia Lutu achague kwanza.

Wala msidhani kwamba twafundisha kudharau sheria. Sheria yenyewe yatutuma kupatana. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena amri ya kuhukumu neno la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Huketi watu watatu, walau mmoja wao mwanamke, na mawakili hawaruhusiwi kusimama humo. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri ila mtu ameleta cheti kwamba suluhu imeshindikana, au siku 30 zimepita pasipo suluhu. Siku hizo 30 ni zawadi, nasi wengi twazipoteza kwa kungojea cheti tu, kama mtu angojeaye mvua ikatike.

Sasa neno zito. Sisi wazee wa kanisa tumekosa. Alitujia mjane ambaye shemeji zake wamemtoa nyumbani. Tukamwambia avumilie kwa ajili ya amani. Amani gani? Tulimnyamazisha, tukauita upatanisho. Hatimaye alikwenda kushitaki kwa miguu yake mwenyewe, akapata haki yake pasipo sisi.

Tangu hapo, tuketipo kupatanisha, mnyonge husema kwanza, na wanawake huwamo kati ya wasuluhishi. Twaenda kiwanjani pamoja na majirani wa pande zote nne, twapima kwa kamba, twaandika, na kila mmoja hupewa nakala yake. Tukiona hila au vitisho, twaacha suluhu, na mwenye kuonewa twamsindikiza barazani.

Alhamisi ijayo, saa kumi, wale wenye ugomvi wa mpaka nyuma ya shule watakutana nasi chini ya mwembe. Walimu, tafadhali leteni kamba ile ndefu ya kupimia uwanja.