Jina Hutambuliwa Lilipo: Majina katika Zana za Kutafuta na Kubadilisha Msimbo



Kila programu kubwa hufikiwa na siku ambapo jambo lililoandikwa mahali pengi mno linatakiwa kuandikwa upya. Maktaba imetoa toleo jipya, au funksheni iliyokuwa ikiitwa kwa namna moja sasa inaitwa kwa namna nyingine. Kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake hakutoshi, kwa sababu msimbo una umbo: mabano hufunguka na kufungwa, na usemi mmoja hukaa ndani ya mwingine. Ndiyo maana zikatengenezwa zana zinazosoma umbo hilo. Mtumiaji huandika ruwaza yenye vishika nafasi, kwa mfano foo($a, $b), kisha huandika kiolezo cha kitakachochukua nafasi yake, kama ($a).foo($b), na zana hupita kwenye mti wa sintaksia ikibadilisha kila inapokuta mfano wake. Dai langu jioni hii ni kwamba zana inayojua umbo la msimbo bila kujua majina yake yanaelekea wapi inafaa kutafutia tu, wala haifai kuachiwa ibadilishe. Ruwaza nayo ni kipande cha programu, na majina yaliyomo hayana budi kutambuliwa kutoka mahali fulani kabla ya kulinganishwa na chochote.

Tuanze na lugha ya Go. Zana yake ya kunyoosha mpangilio wa msimbo, gofmt, ina swichi ya -r inayopokea kanuni ya kubadilisha, na humo herufi ndogo moja husimama badala ya usemi wowote. Kanuni inayofahamika sana ni a[b:len(a)] -> a[b:], maana anayekata kipande kuanzia b hadi mwisho hana haja ya kutaja urefu. Ni sawa kabisa, maadamu len ni ile len ya lugha. Lakini katika Go, len si neno lililotengwa. Ni jina lililotangazwa katika upeo wa nje kabisa, na mwandishi yeyote ana ruhusa ya kulitangaza upya ndani ya pakiti yake. Go hupima urefu wa maandishi kwa baiti. Anayeshughulikia tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo herufi zake huchukua baiti mbili mbili katika UTF-8, anaweza kabisa kujitengenezea len inayohesabu herufi. Kwake s[4:len(s)] hukomea njiani, na s[4:] hufika mwisho. Huenda alikosea kuandika hivyo, huenda alikusudia. Si kazi ya zana kumwamulia. Gofmt hubadilisha bila kuuliza, kompaila hukubali, na programu huanza kutoa jibu jingine. Watengenezaji wa Go hawakuishia hapo. Zana nyingine katika mkusanyiko wao, iitwayo eg, hutaka ruwaza iandikwe kama faili kamili la Go lenye funksheni mbili, before na after, na hulikagua faili hilo kwanza, majina na aina zake, kabla ya kugusa msimbo wa mtu.

Katika Rust tatizo hili hujitokeza kila siku. Jina Result katika maktaba sanifu lina wenyewe zaidi ya mmoja: kuna std::result::Result, kuna std::io::Result, kuna std::fmt::Result. Faili moja huleta hili, faili jingine huleta lile, la tatu huleta mojawapo na kulibadilisha jina kwa neno as. Ni kama mtaa wenye kina Juma watatu: jirani akisema “Juma” anajua amemkusudia nani, ila mgeni hana budi kuambiwa ni Juma wa Salehe au wa Hamisi. Zana ya rust-analyzer, iliyopata uwezo wa kutafuta na kubadilisha kwa umbo mwaka 2020, inadai kwamba kila njia ya jina katika ruwaza na katika kiolezo itambulike kutoka pale mtumiaji alipotoa amri. Isipotambulika, kazi haianzi. Ikitambulika, msimbo hulingana na ruwaza pale tu majina yanapoelekea kitu kilekile, hata yakiwa yameandikwa tofauti. Ukiwa ndani ya moduli foo ukaandika Bar, zana itakuta pia foo::Bar iliyoandikwa katika moduli ya juu. Ukiandika foo::Bar::baz($s, $a), itakuta hata $s.baz($a), mradi baz hiyo ni baz ya Bar na si ya aina nyingine.

Hadi hapa nimezungumzia upande wa kutafuta. Upande wa kubadilisha ni mgumu zaidi, na hauzungumzwi vya kutosha, kwa sababu kiolezo huandikwa mahali pamoja na kupandikizwa mahali pengine penye majina ya wenyeji. Tuseme kiolezo kinatangaza kigeu n, na usemi ulioshikwa na $a nao una n yake ya zamani: n mpya itaimeza ya zamani, na msimbo bado utakubaliwa na kompaila. Wataalamu wa lugha za programu wanalijua jambo hili tangu zamani. Ripoti ya ALGOL 60 iliagiza kwamba majina yanayogongana wakati wa kupachika usemi ndani ya mwili wa utaratibu yabadilishwe kwa mpangilio. Mwaka 1986 Kohlbecker, Friedman, Felleisen na Duba waliandika juu ya usafi wa makro katika jamii ya Lisp, wakikabili ugonjwa huohuo. Zana ya kubadilisha msimbo ni ndugu wa makro, ila matokeo ya makro hubaki ndani ya kompaila, na matokeo ya zana hii yatasomwa na binadamu kwa miaka. Kwa hiyo hairuhusiwi kukwepa mgongano kwa kumwaga majina marefu yasiyosomeka. Rust-analyzer huandika njia ya jina kwa kadiri ya mahali linapoangukia: kiolezo kikisema foo::Bar na badiliko likatokea ndani ya foo, huandikwa Bar tu.

Wapo watakaosema kwamba zana nyepesi zisizotambua majina zimefanya kazi kubwa, nami sikatai. Comby, mojawapo ya zana hizo, hufanya kazi katika lugha nyingi, hata kwenye msimbo usiokamilika, jambo ambalo zana inayotegemea kompaila hailiwezi kwa urahisi. Lakini tutazame 2to3, zana iliyohamisha programu za Python kutoka toleo la 2 kwenda la 3. Ilibadilisha d.has_key(x) kuwa x in d bila kujua d ni kitu gani. Ilizungusha map ndani ya list, kisha ikalazimika kuwekewa sharti: faili likiwa limeleta map kutoka future_builtins, isiguswe. Sharti hilo ni utambuzi wa majina ulioingizwa kupitia mlango wa nyuma. Zana ya Semgrep nayo hufuatilia majina yaliyoletwa kwa lakabu katika Python, ili ruwaza ya subprocess.Popen isipitwe na aliyeiita kwa jina jingine. Kila zana nyepesi inayotumika sana huishia kujifunza kidogo kidogo kile ilichodhani haikihitaji.

Majaribio yatagundua makosa, wengine watasema. Majaribio hulinda pale ambapo mtu aliwahi kupahofia, na badiliko la zana hufika hata pale ambapo hakuna aliyepafikiria. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni jingine: ruwaza ikitegemea mahali kishale cha mtumiaji kiliposimama alipotoa amri, kanuni ileile inaweza kutoa matokeo mawili. Ni kweli, lakini dawa ipo. Anayetaka kanuni isiyoyumba aandike njia kamili ya jina kuanzia shina. Kuacha mahali kabisa hakuwezekani, kwa sababu kuna majina ya ndani ya moduli yasiyofikika kutoka nje, na hayo ndiyo tunayohitaji kuyabadilisha mara nyingi. Katika lugha kama Python, ambamo jina huweza kupewa kitu kingine programu ikiwa inaendeshwa, utambuzi hautakuwa kamili hata tufanyeje. Hapo zana na ikiri, ionyeshe mahali palipo na shaka, na imwachie mtu uamuzi.

Nawaomba wanafunzi mnaojenga zana hizi msianze na uzuri wa lugha ya ruwaza. Anzeni na kitambuzi cha majina, kisha ifanyeni zana iorodheshe kila mahali ilipokataa kubadilisha, pamoja na sababu yake.