Kiwanja cha Maegesho, Mabati ya Usiku na Njia ya Sheria

(Hotuba kwa wakazi, iliyotolewa katika kiwanja cha maegesho cha mji wa mpakani, upande wa Uganda)

Tuliomba mkutano ufanyike hapa kiwanjani badala ya ukumbini, ili kila mmoja ayaone kwa macho yake mabati tunayoyazungumzia.

Tuanze na deni letu. Usiku ule nguzo zilipoanza kusimikwa, akina mama waliketi chini mbele yake wakakataa kuondoka. Tuliitwa, tukaja, na vijana wawili wakalala kituoni bila kuandikiwa shtaka lolote. Asubuhi waliachiliwa. Hatukumwuliza mjenzi karatasi hata moja. Maswali yetu yote tuliyaelekeza kwenu. Haikuwa sawa, na mkuu wa kituo amekwisha kuwaomba radhi wazazi wa vijana hao. Tunalirudia hapa hadharani kwa sababu kosa lenyewe lilitendwa hadharani.

Sasa tuje kwenye kiwanja. Mchoro wa jengo la maduka tuliouona umebandikwa kwenye lango ni mzuri, na hatuna ugomvi na maduka. Lakini mchoro huo hauonyeshi matreila yanalala wapi. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018, vimerahisisha kazi ya karatasi, ila dereva bado ni binadamu: hula, hulala, na husubiri simu ya wakala wake wa forodha. Wazee mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya kiwanja hiki. Malori yalisimama kandokando ya barabara kuu bila taa, na bodaboda aliyetoka gizani alikutana na tela kabla hajaliona. Wizi wa dizeli na wa turubai ulikuwa jambo la kila usiku. Leo mlinzi mmoja na taa mbili hulinda magari ambayo zamani yangehitaji doria nzima. Hata mama anayeuza chapati pale kwenye kona ni sehemu ya ulinzi, kwa kuwa huwajua wateja wake kwa sura na kwa namba za magari. Askari wa usalama barabarani angeulizwa maoni kabla ya mchoro kuchorwa, angeyasema haya yote. Hakuulizwa.

Hata hivyo, polisi si bodi ya ardhi, na hatutasimama hapa kuwaambia kwamba kiwanja ni cha fulani. Ardhi ya wilaya ambayo haina mwenyewe hushikiliwa na kugawiwa na Bodi ya Ardhi ya Wilaya, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995. Ujenzi na mabadiliko ya matumizi ya ardhi hupitia kamati ya mipango chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010. Kwa hiyo maswali ya kwanza ni mepesi: je, kuna hati, na ni ya nani? Je, kamati ilikaa, na iliamua nini? Majibu yake hayapatikani kwa kung'oa mabati. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka hizo kwa maandishi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua kwa Karani wa Mji, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo. Muhuri huo ndio utakaohesabu siku. Mkiridhika na ahadi ya mdomo, siku hazitaanza kuhesabiwa kamwe.

Wengine mmetuambia kwamba barua ni kazi ya watu wasio na nguvu. Tunawaomba mtazame ng'ambo kidogo. Jijini Nairobi, mwaka 1991, kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa katika bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Mjukuu wake, Zarina Patel, alishirikiana na wananchi kuupinga mpango huo, na bustani ipo hadi leo. (Msicheke; ni kweli kwamba wao waliyakataa maegesho na ninyi mnayataka. Kilichotetewa ni mahali pa watu wote.) Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa ameandika barua baada ya barua kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Mahakama Kuu iliitupa kesi yake kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, na bado jengo halikujengwa.

Hoja hiyo iliyomkwamisha haina tena nguvu ile. Ibara ya 50 ya Katiba ya Uganda inamruhusu mtu au shirika lolote kufungua shauri kwa niaba ya kundi ambalo haki zake zimevunjwa. Kwa majirani zetu, Ibara ya 70 ya Katiba ya mwaka 2010, inayohusu mazingira, haimlazimishi mlalamikaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara.

Tumesikia pia kwamba mnakusudia kuandamana. Ni haki yenu. Sheria ya mwaka 2013 ya kusimamia mikutano inataka mwandalizi atoe taarifa kwa polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla ya siku yenyewe. Taarifa si ombi la ruhusa. Kifungu kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikutano kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Machi 2020, na askari wetu wamekumbushwa jambo hilo kwenye gwaride. Upande wa Kenya muda ni siku 3 hadi 14, kwa hiyo atakayeandaa matembezi ya pande zote mbili aandike barua mbili na asichanganye tarehe. Polisi wa nchi zote za eneo hili hawajasahau Januari 2015, pale wanafunzi wa Lang'ata waliokuwa wakitetea uwanja wao wa michezo walipopigwa mabomu ya machozi. Afisa aliyesimamia kazi ile alisimamishwa. Hatutaki picha kama zile zitoke hapa.

Kuna neno moja gumu kuhusu fedha. Kijana mmoja amekuwa akipita dukani kwa duka akichangisha pesa "za wakili", na hakuna anayemjua wakili huyo. Chagueni kamati, chagueni mweka hazina anayeaminika na pande zote, na kila mchango uwe na risiti. Mkidhulumiana katika hilo, atakayefurahi ni yule asiyependa mshikamano wenu.

Kwa upande wetu tumefanya mambo mawili. Mkuu wa usalama barabarani ameiandikia kamati ya mipango kueleza hatari zitakazorudi barabarani kiwanja kikifungwa, na barua hiyo ilipokelewa Jumatatu. Pili, mjenzi ametakiwa aonyeshe kibali chake kituoni kabla ya bati lingine kuongezwa. Akikileta, tutamwambia mwenyekiti wa LC1 siku hiyo hiyo, hata kama kibali hicho hakitawapendeza. Asipokileta, kazi itabaki imesimama. Yaliyokwisha kusimikwa yasiguswe na mtu. Tukimkamata anayeyang'oa tutalazimika kumfungulia shtaka, na hapo mjenzi ndiye atakayekuwa mlalamikaji.

Barua za taarifa hupokelewa katika ofisi yetu ya mahusiano, chumba cha pili ukiingia lango la kituo, na asiyejua kuandika atasaidiwa bila malipo. Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na akina mama waliokuwa hapa usiku ule.