Kuiga Mashine, Kushika Wakati: Lugha za Mbulu na Hanang ndani ya Kompyuta Pepe



Karibu na mji wa Mbulu kuna ziwa dogo liitwalo Tlawi. Mgeni anayelitaja kwa Kiswahili huchomeka irabu kati ya konsonanti mbili za mwanzo, akapata "Tilawi". Mzawa wa Kiiraqw hafanyi hivyo. Kwake yeye tl ni konsonanti moja: ulimi huziba njia, koo hufungwa, kisha hewa iliyobanwa huachiwa kwa mkupuo pembeni mwa ulimi. Jina Slaa nalo hupatwa na yayo hayo. Herufi sl huwakilisha kikwamizo kimoja cha pembeni, lakini wengi husema "Silaa". Si kwamba msemaji wa Kiswahili amezembea. Ameiga kwa sauti alizonazo, na matokeo yanatambulika. Ila silabi imeongezeka, na ilipoongezeka silabi, wakati nao umeongezeka.

Uigaji unaozungumziwa katika mhadhara huu ni wa namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba unafanyika baina ya mashine na mashine.

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinajulikana kwa wanaisimu kuwa mahali ambapo lugha zisizo na undugu huishi jirani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, kinachosemwa na Wabarbaig wa Hanang, ni cha Kiniloti. Kihadza cha bonde la Yaeda kina vidoko, na hakijapata ndugu anayekubaliwa na wote. Kiswahili na Kibantu kingine vimo katikati yao. Mwaka 1993 ilitoka sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous. Mwaka huo huo Bonny Sands, Ian Maddieson na Peter Ladefoged walitoa maelezo yao ya fonetiki ya Kihadza. Mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walichapisha kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza.

Katika lugha hizi wakati ni sehemu ya sarufi, si pambo la usemaji. Kiiraqw hutofautisha irabu fupi na ndefu. Katika Kidatooga toni hushiriki kuonyesha kama nomino ni kiima cha tungo au la. Mpasuko wa kidoko humalizika ndani ya milisekunde chache. Anayetaka kuthibitisha mambo haya hana budi kupima, na kipimo hakiwezi kuwa bora kuliko saa iliyokipima.

Miaka ya 1980 na 1990 kompyuta za kawaida hazikuaminika kwa kazi hiyo. Saa ya ndani ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu iliyodunda mara 1,193,182 kwa sekunde, lakini katika mpangilio wake wa kawaida iliigutusha programu mara 18.2 tu kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Mwanya huo unatosha kumeza tofauti ya irabu fupi na ndefu. Ndiyo maana maabara za fonetiki zilinunua vifaa maalumu. Kampuni ya Kay Elemetrics ya Marekani iliuza mtambo uliokuwa na kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta na kisanduku cha nje. Sampuli za sauti zilichukuliwa kwa saa ya mtambo wenyewe, wala si kwa saa ya kompyuta.

Kadi hizo leo hazina pa kuchomekwa, na programu zake haziendi katika mifumo endeshi ya sasa. Dawa inayopendekezwa ni kompyuta pepe: programu inayojifanya kompyuta kamili, na ndani yake programu ya zamani ikaendeshwa. Mafundi huiita mashine ya kweli mwenyeji, na ile ya kuigwa huiita mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mgeni huyu hupewa jembe tangu dakika ya kwanza. Asichopewa ni saa.

Kasoro hiyo ni ya asili. Gerald Popek na Robert Goldberg, katika makala yao ya mwaka 1974 ambayo bado ni msingi wa fani hii, walitaka programu iendayo ndani ya mashine pepe itoe matokeo yale yale ambayo ingetoa katika mashine halisi. Walisamehe mambo mawili: upungufu wa rasilimali, na tofauti zinazotokana na wakati. Kwa karani wa mishahara msamaha huo hauna madhara. Kwa mwanafonetiki, kilichosamehewa ndicho data yenyewe.

Hapa inafaa kutenganisha makosa mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 22,050 kwa sekunde ikichezwa kwa 20,000, itarefuka kwa asilimia 10 hivi na kushuka kidatu. Hata hivyo kila irabu imerefuka kwa uwiano ule ule. Ndefu inabaki ndefu kuliko fupi, na toni ya juu inabaki juu. Kosa la namna hii hurekebishwa kwa hesabu moja. Kosa la pili ni baya zaidi. Mwenyeji anaposhughulika na kazi nyingine, mgeni husimama. Akirudishiwa zamu, midundo ya saa aliyoikosa hupotea au humiminwa kwake yote kwa pamoja. Irabu moja hurefuka, jirani yake hubaki ilivyo. Hakuna hesabu itakayomwambia mtafiti kama urefu ule ulitoka kinywani mwa msemaji wa Dongobesh au katika foleni ya kompyuta.

Kwa hiyo kuiga kichakato hakutoshi. Kadi yenyewe haina budi kuigwa, pamoja na saa yake, tena saa ihesabiwe kwa sampuli zilizopita na si kwa saa ya mwenyeji. Mwigaji akihesabu hivyo, mgeni aweza kusimamishwa nusu saa bila sampuli moja kupotea. Panapokosekana kitabu cha maelezo ya kadi, fundi huituma thamani, husubiri jibu, hubadilisha kitu kimoja, hutuma tena. Mwanaisimu aliyekaa Katesh na mzee wa Kibarbaig akiuliza umoja na wingi wa nomino moja moja hatashangazwa na mbinu hiyo.

Kipimo cha kuthibitisha uigaji ni rahisi. Mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde hupitishwa kwa sekunde 10 katika kadi halisi, kisha katika kadi ya kuigwa. Sampuli huhesabiwa, na mwanya wa kila wimbi hulinganishwa na wa jirani yake. Mianya ikilingana, rekodi za Yaeda na Basotu zaweza kupimwa upya humo. Isipolingana, kazi hurudi kwenye utepe wa asili, na kadi ya zamani, hata ikiwa imejaa vumbi, hubaki kabatini hadi kipimo kikamilike.