MAZUNGUMZO YA FUNDI KUHUSU UKUTA WA GHALA LETU

(Maneno ya fundi mwashi mkutanoni, kama katibu alivyoyaandika.)



Nimeomba nafasi maana kuna jambo linanikereketa. Ukuta wa ghala unaotazama barabara niliupiga lipu mimi mwenyewe, baada ya lile tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016. Mnalikumbuka: Jumamosi, saa 9 na nusu hivi alasiri, nguvu yake 5.9. Wenzetu 17 walifariki mkoani, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kubomoka majengo.

Ufa ulikuwapo, wa mshazari, toka kona ya dirisha mpaka chini. Kidole kinaingia. Niliambiwa niuzibe upesi, kahawa inasubiri, nami nikaziba. Ukapendeza kweli! Lakini lipu ni shati tu, ndugu zangu.

Juzi nimegonga pale kwa nyundo, panalia kama debe tupu. Nimetundika timazi, ukuta umeinamia nje vidole viwili. Matofali ni ya kuchoma, mazuri, ila yameshikwa kwa tope, na juu hakuna linta. Ardhi ikitikisika kila ukuta unakwenda njia yake. Kwenye msonge wa wazee wetu fito zilifungwa pamoja, nyumba ikacheza yote. (Sisemi turudi kwenye nyasi, moto wake tunaujua.)

Wala tusingoje tetemeko. Dar es Salaam, tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka lenyewe likiwa bado linajengwa, wakafa watu zaidi ya 30. Ardhi ilikuwa imetulia tuli.

Sasa sisi magunia tunayaegemeza palepale, na watoto wanakaa kivulini upande wa nje wakingoja mama zao wapimiwe kahawa. Naomba magunia yahamishwe leo, watoto wasikae pale tena. Lipu tuibandue tuone. Kama ufa umepasua matofali yenyewe, ukuta ubomolewe, ujengwe kwa saruji, uwekwe linta, na nondo zipindwe kwenye kona, zisiishie pale.

Mara ile mlinilipa. Safari hii sitaki ujira, nataka saruji, nondo na vijana wa kuchota maji.

Na yeyote aliyefunika ufa kwa lipu nyumbani mwaka ule, aniite. Nyingine nilizipiga mimi, nazikumbuka.

(Magunia yamekwisha kuhamishwa. Mchango wa saruji bado. Katibu.)